1977: Vita Dilolo, wasichana kwenye maikrofoni

Machi 1977 watu wa Dilolo hawakuwa na nafasi ya kusikiliza muziki. Tarehe 8 ya mwezi huo wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC, wengi wao askari wa zamani wa Katanga waliokimbilia Angola, walivuka mpaka. Waliuteka mji, kisha wakafuata njia ya reli kupitia Kasaji hadi Mutshatsha, wakiitafuta Kolwezi. Shaba nzima, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, ilikuwa roho juu. Mwaka huohuo, mbali na milio ya risasi, wanawake kadhaa vijana walipanda jukwaani katika miji miwili isiyojuana, London na Kinshasa. Vitabu vya muziki havijazoea kuwaweka ukurasa mmoja. Mimi nawaweka.

Wa London ni Marianne Elliott-Said, aliyezaliwa 1957 kwa baba Msomali na mama mzungu. Siku alipotimiza miaka 19 aliwaona Sex Pistols wakipiga katika mji wa pwani wa Hastings. Panki ilikuwa changa: roki iliyovuliwa mapambo, gitaa la kukwaruza, ngoma za mbio, na ruhusa ya kupanda jukwaani hata kama hujasomea muziki. Marianne akaweka tangazo gazetini kutafuta vijana wenzake waliokuwa tayari kushikamana. Walioitikia wakawa X-Ray Spex, naye akajiita Poly Styrene, jina la plastiki. Saksofoni alipuliza Lora Logic, binti ambaye bado alikuwa wa umri wa shule.

Poly alisimama mbele ya watu na waya za kunyooshea meno mdomoni, nguo za rangi zisizopatana, mara nyingine kofia ya chuma ya askari kichwani. Mwimbaji wa kike wa enzi ile alitarajiwa kupendeza kwanza, kuimba baadaye. Huyu alipaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Septemba 1977 ilitoka "Oh Bondage Up Yours!", wimbo unaoudhihaki usia wa kale kwamba mtoto wa kike aonekane tu, asisikike. Nani katika nyumba zetu hajausikia usia huo?

Kinshasa nako, M'Pongo Love alikuwa akiongoza bendi yake, Tsheke Tsheke Love. Alikuwa mzaliwa wa Boma, anachechemea tangu utotoni, na umri wake ulikuwa miaka 20 na kidogo. Njia ilikuwa imeanza kufunguliwa: Abeti Masikini wa Kisangani alikwisha kuimba katika ukumbi wa Olympia, Paris, 1973. Lakini mwanamke mwenye bendi alikuwa bado wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 1977 M'Pongo alimpokea mcheza dansi aliyezaliwa Lubumbashi, Tshala Muana. Binti huyo wa Katanga alianzia nyuma ya mwanamke mwenzake, akajifunza jukwaa, kisha akaenda kuifanya mutuashi, ngoma ya Waluba wa Kasai, ijulikane ulimwenguni. M'Pongo alifariki 1990, hajafikisha miaka 34. Hakuna aliyeuita muziki wao panki, na haukuwa panki. Ila mlango uliofunguliwa ulikuwa uleule, na M'Pongo hakuufunga alipokwisha kupita.

Jambo hili la kutofunga mlango ndilo wasichana wa Marekani walilifanya kuwa kanuni mwaka 1991. Katika mji unaoitwa Olympia pia, jimbo la Washington, na katika mji mkuu wao, bendi kama Bikini Kill na Bratmobile zilianzisha vuguvugu la riot grrrl. Maonyesho ya panki yalikuwa yameharibika: wavulana walisukumana mbele ya jukwaa, wasichana wakajibana ukutani kushika makoti. Kathleen Hanna wa Bikini Kill akawa anawaomba wanaume warudi nyuma, wasichana waje mbele. Karatasi za maneno ya nyimbo ziligawiwa mkono kwa mkono. Baada ya muziki kulikuwa na mikutano ya wasichana peke yao, ambako mtu aliweza kusema aliyotendewa nyumbani au shuleni na akaaminiwa. Vijarida waliviandika wenyewe, wakavitoa fotokopi, wakatumiana kwa posta.

Kasoro yao ilikuwa moja, nayo kubwa: wengi wao walikuwa wazungu, na msichana mweusi alijikuta mgeni hata huko mbele. Jibu lilitoka London, mji wa Poly. Mwaka 2013 wanawake watatu weusi waliunda bendi ya Big Joanie. Stephanie Phillips, mwimbaji wao, ni miongoni mwa walioanzisha Decolonise Fest, tamasha la panki la watu wasio wazungu. Poly mwenyewe alifariki 2011. Binti yake, Celeste Bell, alishiriki kuongoza filamu ya maisha yake iliyotoka 2021.

Turudi Dilolo. Kwa Wachokwe, watu wa huko, mwanamke mrembo kuliko wote uwanjani ni Mwana Pwo: kinyago chenye chale usoni, nywele zilizosukwa, hatua za madaha. Anayekivaa ni mwanamume. Ni heshima kwa mama zetu, sikatai, lakini ni heshima inayochezwa na mwingine.

Karindula nayo, lile gitaa kubwa la pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi linalotikisa mitaa ya Lubumbashi, ina kila walichotaka wapanki: unaitengeneza mwenyewe, na kelele yake haiombi radhi. Ila wanaoipiga ni wanaume karibu wote.

Wasichana kuwa wakali kwenye maikrofoni si jambo la kuagiza Ulaya. Novemba 2020 Tshala Muana, mwenye miaka 62, alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake "Ingratitude", ambao wengi waliuona kama kijembe kwa Rais wa Kongo. Aliachiwa siku iliyofuata. Alifariki Desemba 2022. Basi, wazazi wa Dilolo, Kasaji na Kolwezi, na ninyi wenye magitaa ya kwaya yanayofungiwa kabatini Jumatatu hadi Jumamosi: binti akiomba chombo, mpeni, na marafiki zake waje naye.