Hewa Mbili za Tanuri la Gesi

Chini ya nyumba nyingi za Ohio, Kentucky na Minnesota kuna mashine ambayo Kiswahili bado hakijaipa jina moja. Ni kabati la bati lililosimama katika chumba cha chini ya ardhi. Huchoma gesi asilia, hupasha hewa joto na kuisukuma hadi vyumbani. Familia za Wakongomani zilizohamia huko kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, huishi juu yake miezi yote ya theluji. Ikichakaa, fundi akaja kufunga mpya, mara nyingi kijana wa nyumba ndiye anayegeuka mkalimani wa baba na mama, na neno analolichagua linagusa uhai wa watakaolala juu usiku huo.

Wengi husema hita. Neno ni jepesi, ila linaficha jambo la kwanza la kujua, kwa maana hita ya umeme haichomi kitu wala haihitaji dohani. Jiko nalo linatuita tusogee, tuote moto. Hewa ya jiko ndiyo hewa ya mpishi, na moshi hujitafutia njia mlangoni na paani. Mimi nashikilia tanuri. Tunalijua la mikate na la matofali, na msomaji wa kitabu cha Danieli anajua kwamba waliotupwa ndani yake walitupwa wafe. Tanuri ni moto uliozingirwa, na mahali pa binadamu ni nje yake. Mwaka 1919 Alice H. Parker, mwanamke Mweusi wa Morristown, New Jersey, alipewa hataza ya tanuri la gesi la kupasha nyumba, wakati nyumba nyingi zikiwa bado zinachoma kuni na makaa ya mawe.

Jina la mashine nzima, hata hivyo, ni jambo dogo. Kazi kubwa ni kuzipa majina hewa zake, kwa sababu ndani ya kabati lile zinapita hewa mbili zisizotakiwa kukutana. Ya kwanza ni hewa ya kuungulia: inaingia kwenye vichomeo, inaungua pamoja na gesi, inapita ndani ya mikondo ya chuma, kisha feni ndogo inaifukuza nje kupitia dohani. Ya pili ni hewa ya kupumua: feni kubwa inaivuta kutoka vyumbani, inapita juu ya chuma kilekile kwa upande wa nje, inapata joto na kurudi kwa watu. Kinachozitenga ni unene wa bati tu.

Bati hilo huandikwa “kibadilisha joto” katika tafsiri nyingi. Silipendi jina hilo. Hakuna kinachobadilishwa pale. Joto linapita, na cha maana ni kwamba kingine chochote kisipite. Kipitisha joto ni jina linalomweleza mwenye nyumba kwa nini fundi akikuta ufa wa unywele anaizima mashine na kukataa kuiwasha tena.

Halafu kuna bomba, neno tulilolitwika mzigo kupita kiasi. Gesi inaletwa na bomba, moshi unatoka kwa bomba, maji yanachuruzika kwa bomba, na wengine huuita bomba hata mfereji mpana wa hewa ya joto. Tena “funga bomba” kwetu ni kufunga maji. Kwenye ufungaji wa tanuri mchanganyiko huu unaua. Kinacholeta gesi na kiitwe bomba, na cha kuifungia ni koki. Kanuni za gesi za Marekani zinataka koki hiyo iwe ndani ya futi 6 kutoka kwenye mashine. Fundi akishakaza viungo hupaka maji ya sabuni kwa brashi, akainama na kusubiri. Povu likivimba, hata kipovu kimoja kidogo kinachokua taratibu kwenye uzi wa nati, gesi inavuja na kazi inarudiwa.

Cha kutolea mabaki ya moto kibaki dohani, neno la zamani na zuri. Matanuri yenye ufanisi wa asilimia 80 hutoa hewa ya moto sana, kwa hiyo dohani yake ni ya bati la kuta mbili, na mbao zikae mbali nayo kwa inchi moja au zaidi. Yale ya asilimia 90 na kuendelea hunyonya joto hadi mvuke unageuka maji yenye tindikali. Dohani yake ni ya plastiki, na maji hayo yanahitaji mrija wake. Kumfungia mmoja dohani ya mwenzake ni kosa kubwa.

Hewa ya kuungulia nayo haina budi kutoka mahali. Tanuri la BTU 80,000 (kipimo cha joto) kwa saa, likiivuta humohumo ndani, linahitaji futi za ujazo 4,000: chumba cha futi 20 kwa 25 chenye dari la futi 8. Anayelizungushia mbao ili apate chumba cha mgeni analinyima pumzi, na moto wake wa buluu unaanza kuwa wa manjano.

Hapo ndipo tunapofika kwenye neno linalonisumbua kuliko yote. Moto ulionyimwa hewa huzalisha kaboni monoksidi, na nimeona ikiandikwa “hewa ukaa”. Hewa ukaa ni ile ya mabadiliko ya tabianchi, ile ambayo vijiji vyenye misitu Tanzania vinalipwa kwa ajili yake. Msomaji atadhani anaambiwa habari za miti. Wengine huandika “moshi”, naye atasubiri auone. Kaboni monoksidi haionekani wala hainuki, na inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo inayowaua wanaolala na jiko la mkaa chumbani kwenye baridi ya Njombe au Limuru, mkaa ukiwa mwekundu safi bila moshi wowote. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi.

Tena “sijasikia harufu” si kinga. Hata gesi asilia haina harufu ya asili. Tarehe 18 Machi 1937 ilivuja chini ya shule huko New London, Texas, pasipo mtu kuigundua, ikalipuka na kuua watu karibu 300, wengi wao watoto. Tangu hapo sheria zikataka itiwe kemikali inayonuka. Kaboni monoksidi haitiwi kitu.

Kwa hiyo king'ora chake kisiitwe king'ora cha moshi. Kiwekwe kila ghorofa, karibu na vyumba vya kulala. Kwa kawaida milio mitatu kisha kimya ni moshi. Minne kisha kimya ni kaboni monoksidi. Mlio mmoja wa mara mojamoja ni betri. Kwenye kibandiko chake ningeandika kwa wino mzito: Milio minne, tokeni wote, hesabuni watu mkiwa nje, pigeni 911.