Kadi ya Sauti na Mahadhi ya Michezo ya Kale

Apokeaye shairi la kale kwa maandishi tu hupokea nusu yake. Vina na mizani vimo, lakini mahadhi hayakuandikwa. Yalibaki kooni mwa aliyelighani. Muziki wa michezo ya kompyuta ya miaka ya 1980 na 1990 una hali iyo hiyo, na ndiyo sababu anayefufua kompyuta ya zama hizo hana budi kuichagua kadi ya sauti kwa makini.

Kompyuta ya IBM ilipotoka mwaka 1981 ilikuwa na spika ndogo ya kulia mlio mmoja mmoja. Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Québec, Kanada, iliyoasisiwa na mwalimu wa muziki Martin Prével, ilitoa kadi yenye chipu ya Yamaha iitwayo YM3812, iliyoweza kutoa sauti tisa kwa pamoja. Chipu hiyo haikuhifadhi sauti ya ala yoyote. Iliifinyanga kwa kulifanya wimbi moja litikise jingine, mbinu aliyoigundua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967. Zumari yake si zumari hasa, na ngoma yake ina ukali wa bati. Walakini watunzi waliizoea tabia yake, wakatunga kwa kuifuata.

Mwaka huo huo Roland ya Japani ilitoa MT-32, chombo cha bei kubwa na sauti nono zaidi. Sierra ya Marekani ilikitumia katika mchezo wa King's Quest IV mwaka 1988, kwa muziki wa William Goldstein. Mwaka 1989 Creative ya Singapore, chini ya Sim Wong Hoo, ikaleta Sound Blaster: chipu ile ile ya AdLib, njia ya kupitisha sauti zilizorekodiwa, na tundu la fimbo ya kuchezea. Mnunuzi alipata vitu vitatu katika kadi moja. AdLib ilifilisika mwaka 1992.

Aghalabu mchezo haukubeba muziki wenyewe, ila maagizo: nota ipi ipigwe, kwa muda gani, na ala namba ngapi. Sauti ilitoka kwenye kadi. Na kwa kuwa MT-32 ilizipanga ala zake tofauti na utaratibu wa General MIDI uliowekwa mwaka 1991, kazi iliyotungwa kwa kimoja ikipigwa kwa kingine ala huchanganyika. Palipotakiwa filimbi hulia chombo kisichotarajiwa.

Kwa hiyo upya wa kadi si kipimo. Swali la kwanza ni mchezo ulitungwa lini, na mtunzi alikuwa akisikiliza chombo gani. Muziki wa Doom wa mwaka 1993 Bobby Prince aliutunga kwa Roland SC-55; mchezo wa mwaka 1988 huenda ukataka AdLib. Hata jina halitoshi: baadhi ya kadi za Sound Blaster 16 za baadaye ziliondolewa chipu ya Yamaha, zikatiwa nyingine ya kuiga, na sikio lililozoea huitambua tofauti.

Leo zipo programu za kuigiza vyombo hivyo, na zimefika mbali. Lakini ubora wa mwigo hupimwa kwa kulinganishwa na asili. Siku kadi ya mwisho itakaponyamaza, maagizo yatakuwepo yote, nota kwa nota, wala hapatakuwa na wa kusema kama yanaghanwa sawa.