Somo la Sheria katika Vyuo vya Biashara

Sheria imefundishwa katika vyuo vya biashara tangu siku zao za mwanzo. Harvard ilipofungua shule yake ya biashara mwaka 1908, mikataba ya kibiashara ilikuwa miongoni mwa masomo ya lazima, sambamba na uhasibu. Anayesoma somo hili haandaliwi kusimama mahakamani. Anaandaliwa kujua ni wakati gani neno lake au sahihi yake imeshamfunga, na wakati gani amwite wakili.

Afrika Mashariki somo hili humfikia mwanafunzi wa biashara mapema, na hurudi tena katika mitihani ya kitaaluma ya uhasibu ya NBAA nchini Tanzania na KASNEB nchini Kenya. Mada zake hazitofautiani sana: mikataba, uwakala, mauzo ya bidhaa, ubia, kampuni, ajira na kodi.

Mada ya mikataba ndiyo yenye mtego. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura 345, imefuata kwa sehemu kubwa Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Kenya, kwa upande wake, inatumia kanuni za mahakama za Uingereza kupitia Sura 23 ya sheria zake. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Kwa kanuni ya Kiingereza, iliyothibitishwa katika kesi ya Tweddle dhidi ya Atkinson ya mwaka 1861, anayedai ahadi itimizwe lazima yeye mwenyewe awe ametoa kitu badala ya ahadi hiyo. Sura 345 inakubali kitu hicho kitolewe na mtu mwingine yeyote, ilimradi mtoa ahadi alitaka hivyo. Mwanafunzi wa Dodoma anayekariri kitabu cha London anaweza kupata alama nzuri, kisha akamshauri mwajiri wake vibaya.

Katika sheria ya kampuni, kesi ya Salomon ya mwaka 1897 bado haikwepeki: kampuni ni mtu wa kisheria anayejitegemea, na madeni yake si ya mwenye hisa. Hata hivyo, benki nyingi humtaka mwenye kampuni ndogo aweke dhamana binafsi, na kinga hiyo ikatoweka kwa sahihi moja. Jambo hili, ambalo mhitimu atakutana nalo mapema kazini, linastahili saa nyingi za darasani kuliko kukariri namba za vifungu.