Nusu Maili: Msitu Ulio Juu ya Kiboriloni

Msafiri atokaye Moshi kwenda Himo, akifika Kiboriloni, huiona upande wa kushoto njia ipandayo Kikarara na Tsuduni hadi Kidia, nchi ya Old Moshi alikotawala Mangi Rindi na baada yake mwanawe Meli, ambaye Wadachi walimnyonga mwaka 1900. Na huko juu, migomba na mibuni ikiisha, ndipo ulipo mpaka ambao raia na dola wameshindana juu yake kwa muda wa karne nzima, nao ni mpaka wa msitu.

Wadachi ndio waliotangulia kuutia msitu huo chini ya amri. Waingereza walipoirithi nchi waliunda Idara ya Misitu, makao yake yakiwa Lushoto, na mwaka 1921 Kilimanjaro ikawa hifadhi rasmi ya misitu. Hoja yao ilikuwa maji, nayo ilikuwa hoja ya haki, maana mito na mifongo, ndiyo mifereji inayonywesha vihamba, mashamba ya nyumbani, hutegemea ukungu na mvua zinazonaswa na miti ile. Lakini Mchagga naye aliona kwamba nguzo za nyumba yake, kuni za mkewe na majani ya ng'ombe wake afugwaye zizini, vyote vimekuwa mali ya Bwana Miti.

Suluhu ilipatikana mwaka 1941, ulipotengwa ukanda wenye upana wa nusu maili ukingoni mwa hifadhi, ukawekwa chini ya mamlaka ya Wachagga wenyewe, wapande na wavune kwa haja zao. Kwa maoni yangu, katika yote yaliyotendwa na maofisa wa misitu mlimani, hakuna lililopita hilo kwa busara. Ajabu ni kwamba halikupewa utulivu: baada ya uhuru utawala wa Wamangi ulifutwa, ukanda ukaenda kwa halmashauri, halmashauri zikavunjwa mwaka 1972, ukaangukia serikali kuu, na mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa ikaumeza msitu wote, na nusu maili ndani yake. Hapo mama aliyezoea kushuka na mzigo wa majani kichwani akajikuta mhalifu.

Wala makatazo peke yake hayakuulinda msitu. Uvunaji wa miti ya asili ulipigwa marufuku mwaka 1984, ilhali uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 ulikuta mikulo, miti ile yenye harufu ya kafuri, ingali ikiangushwa kwa siri.

Wakala wa Huduma za Misitu, ulioundwa mwaka 2010, umebakiwa na mashamba ya miti ya Rongai na Kilimanjaro Magharibi, ambako mkulima huruhusiwa kulima viazi na maharage kati ya miche mpaka kivuli kifunge, pamoja na msitu wa Rau ulio tambarare karibu na mji, wenye mivule mikubwa. Mlimani Mbokomu, katika bonde la Mrusungu, kuna mkukusu wa mita 81.5, uliotangazwa mwaka 2016 kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika.

Wazee walioifahamu nusu maili ingali mikononi mwa Wachagga wanazidi kupungua. Wewe msomaji uliye na babu Kidia au Mbokomu, mwulize na uandike, kabla serikali haijachora mpaka mwingine.