Kunakili mchoro (mafunzo ya uchoraji)

Kunakili mchoro ni njia ya kujifunza uchoraji ambapo mwanafunzi hutengeneza upya, hatua kwa hatua, mchoro wa msanii aliyemtangulia. Wanaojifunza rangi za mafuta mara nyingi huchagua picha za maisha ya nyumbani zilizochorwa Uholanzi katika karne ya 17, wakati wa mtindo wa Baroko: mtumishi jikoni, mtu anayesoma barua, mama na mtoto. Nyingi ni ndogo, zina watu wachache na mwanga wake hutoka upande mmoja, hivyo humfaa anayeanza kuliko picha kubwa za vita.

Mfano wa Vermeer

Mchoro wa Johannes Vermeer (1632–1675) wa mtumishi akimimina maziwa uko katika makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam. Una kimo cha sentimita 45.5 na upana wa sentimita 41 tu. Mwanga huingia kwa dirisha la kushoto na kuangukia ukuta wenye msumari na matundu madogo. Mtazamaji huyapita matundu hayo. Anayenakili hawezi: lazima aamue kila moja lina rangi gani, na hapo hugundua kwamba ukuta anaouita mweupe umejaa kijivu na kahawia.

Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba chini ya ukuta huo Vermeer alikuwa amechora kibao cha kutundikia majagi, na karibu na sakafu kikapu cha moto, kisha akavifunika vyote viwili. Utulivu wa picha hiyo ulipatikana kwa kufuta.

Utaratibu

Kitambaa au ubao hupakwa kwanza rangi ya msingi. Juu yake hupangwa giza na mwanga kwa kahawia nyepesi, ndipo rangi zenyewe zifuate, na mwisho tabaka jembamba linaloonyesha la chini yake. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Huungana na oksijeni ya hewani na kuwa magumu, jambo linaloweza kuchukua siku kadhaa au wiki. Kwa hiyo tabaka la juu linapaswa kuwa na mafuta mengi kuliko la chini. Likiwa kinyume, la juu hukauka mapema na kupasuka. Wanafunzi wenye haraka huharibu kazi zao hapa.

Asiye na rangi za tyubu anaweza kunakili giza na mwanga kwa mkaa na karatasi. Hiyo ni sehemu kubwa ya somo.

Afrika ya Mashariki

Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere katika miaka ya 1930, alitaka wanafunzi wachore maisha yao wenyewe badala ya kuiga Ulaya. Sam Ntiro (1923–1993), kutoka Kilimanjaro, alisoma hapo na baadaye katika shule ya Slade, London, lakini aliendelea kuchora kazi za kijijini kwa namna yake. Hoja ya Trowell ina uzito, ila kunakili si lazima kumfunge mtu: aliyejifunza mwanga wa dirisha la Uholanzi anaweza kumchora mama wa Newala akimimina maji mtungini, mwanga ukitoka mlangoni.

Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), mzaliwa wa Tunduru, magharibi mwa Masasi, alifundisha kwa kuigwa. Vijana walikaa naye Dar es Salaam wakitazama na kurudia. Rangi yake ya kung'aa, ya kiwandani, hukauka haraka na haichanganyiki kwa ulaini juu ya ubao, kwa hiyo haifai sana kwa kunakili Vermeer. Wafuasi wake waliunda chama cha ushirika mwaka 1990, na kuiga kukawa pia riziki.

Uaminifu

Nakala ya mazoezi huwa udanganyifu inapouzwa kama mchoro halisi. Makumbusho ya Louvre, Paris, huruhusu wanakili waliopata kibali, kwa sharti kwamba nakala iwe na vipimo tofauti na mchoro halisi na sahihi ya msanii isiigwe.