Kiambi na Watawala Wake: Historia ya Nchi ya Mto Luvua

Mto Luvua hutoka Ziwa Mweru, penye mji wa Pweto, ukateremka kuelekea kaskazini-magharibi kwa zaidi ya kilomita 300 hadi kukutana na Lualaba karibu na Ankoro. Sehemu yake ya juu ni maporomoko na miamba, mtumbwi haupiti. Kuanzia Kiambi maji hutulia, na kwa kilomita zipatazo 160 chombo huweza kuteremka mpaka Lualaba. Kiambi imo katika teritware (wilaya) ya Manono, katika jimbo la Tanganyika la Kongo ya Kinshasa, ambalo makao yake makuu ni Kalemie. Ni nchi ya miombo na nyasi ndefu, ya mihogo, mahindi na samaki wa mtoni. Waluba ndio wengi. Watwa, wawindaji wa tangu zamani, wanaishi nao. Kila dola iliyoitawala nchi hii iliijia ikitafuta kitu, na kitu hicho ndicho kilichoamua itawaliwe vipi.

Mizizi ya utawala wa Kiluba iko kusini-magharibi, katika bonde la Upemba, ambako makaburi ya Sanga yanaonyesha kwamba zaidi ya miaka elfu moja iliyopita watu walikwisha kufua chuma na shaba na kuishi katika jamii yenye vyeo. Humo ndimo ulimotoka ufalme wa Waluba. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, chini ya Ilunga Sungu, na kisha Kumwimbe Ngombe aliyetawala hadi mnamo 1840, nguvu zake zilienea mashariki kuelekea Ziwa Tanganyika. Ufalme huo haukutegemea mikuki peke yake. Mkubwa wa mahali alipewa alama za heshima na Mulopwe, yaani mfalme, naye akapeleka kodi ya chumvi, chuma na ngozi. Wanachama wa chama cha Bambudye walihifadhi historia ya vyeo na mipaka kwa kusoma lukasa, ubao uliopangwa shanga. Kodi ililipwa, na bila shaka ilikuwa nzito kwa wengine, lakini aliyeikusanya alijulikana kwa jina na kwa ukoo.

Karne ya 19 ilivunja mpango huo. Mwaka 1867 Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alimshinda Nsama wa Itawa, katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, David Livingstone aliliona Ziwa Mweru. Misafara ilitaka pembe za ndovu na watumwa, na ililipa kwa nguo na bunduki. Kusini, Msiri alijenga dola yake Bunkeya kwa biashara iyo hiyo. Ilunga Kabale, mfalme wa Waluba, alipofariki mnamo 1870, warithi walipigania kiti, na kila upande ukatafuta bunduki kwa wageni. Vijiji vingi vilihama. Kiswahili, ambacho leo kinasemwa sokoni na kanisani kotekote katika jimbo la Tanganyika, kilipitia njia hizo za machozi. Hilo ni jambo ambalo sisi tunaokiandika hatuna budi kulikumbuka.

Wazungu walifika kutoka ziwani. Émile Storms alianzisha kituo cha Mpala mwaka 1883, nacho kikakabidhiwa mapadri wa White Fathers mwaka 1885. Mwishoni mwa 1891 kapteni Jacques alijenga boma la Albertville, jina ambalo baadaye lilikuwa la mji wa Kalemie, na tarehe 20 Desemba mwaka huo Msiri aliuawa Bunkeya. Tangu 1900 hadi 1910 Katanga yote, ambamo nchi ya Luvua ilikuwamo, ilitawaliwa na Comité Spécial du Katanga, chombo kilichounganisha kampuni na dola ya mfalme Leopold. Amri za 1906 na 1910 ziliwatambua masultani, yaani wakubwa wa jadi, kwa sharti la kulitumikia boma, na amri ya 1933 ikapanga nchi katika usultani na sekta. Sultani alibaki na alama zake za zamani, ila sasa alihesabu watu, alitoza kodi ya fedha na kutoa vibarua.

Vibarua walihitajika. Reli ya kutoka Kabalo hadi Albertville ilikamilika mwaka 1915, katikati ya vita na Wajerumani ng'ambo ya ziwa. Kisha ikaja bati. Kampuni ya Géomines ilifungua mgodi wa Manono, na katika miaka ya 1930 ikajenga kituo cha umeme kwenye maporomoko ya Piana-Mwanga, juu ya Kiambi. Maji ya Luvua yakawa umeme, na umeme ukaenda Manono kuendesha mitambo ya mgodi. Kijijini watu walibaki na taa za mafuta.

Uhuru wa 1960 ulileta swali la nani awakilishe kaskazini ya Katanga. Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, aliitenga na Kongo; chama cha Balubakat cha Jason Sendwe kilimkataa. Vijana walichukua silaha, na askari wa Tshombe wakachoma vijiji. Mwezi Novemba 1960 askari tisa wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliuawa Niemba. Mapema 1961 wafuasi wa Balubakat walitangaza jimbo la Lualaba huko Manono, na mwezi Machi majeshi ya Katanga yakauteka tena mji. Mwaka 1962 Katanga Kaskazini ikawa jimbo. Mwaka 1964 Sendwe aliuawa Albertville wakati wa uasi dhidi ya serikali kuu. Mwaka 1966 rais Mobutu akalifuta jimbo hilo. Katika miaka sita, mwananchi wa Luvua alikuwa ameishi chini ya serikali nne au tano bila kuhama nyumbani kwake.

Chini ya Mobutu mgodi ulidhoofika. Vita vya kuanzia 1998 vilimaliza kilichobaki: Manono ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD na jeshi la Rwanda, Pweto ikatekwa Desemba 2000, na bonde la Luvua likawa mstari wa mapigano. Baada ya amani ya 2003 walikuja wanamgambo wa Mai-Mai wa Gédéon Kyungu, katika eneo la Manono, Mitwaba na Pweto ambalo watu waliliita pembetatu ya mauti.

Katiba ya 2006 iliahidi majimbo 26, na mwaka 2015 jimbo la Tanganyika likazaliwa, lenye teritware sita na ukubwa unaozidi Ubelgiji mara nne. Sheria ya Oktoba 2008 ilikuwa imekwisha kuuweka usultani na sekta miongoni mwa vyombo vya kujitawala, vyenye baraza la kuchaguliwa. Teritware yenyewe huongozwa na msimamizi anayeteuliwa.  Lakini mabaraza ya sekta na usultani yamebaki kwenye karatasi.

Pengo hilo limemwaga damu. Tangu 2013 Watwa na Waluba wamepigana Nyunzu, Kabalo na Manono, na kufikia 2017 zaidi ya watu nusu milioni walikuwa wamehama makwao jimboni. Watwa walidai ardhi na masultani wao wenyewe, wakiwa wamechoka kuwa watu wa kutajwa katika hadithi za asili na kusahauliwa katika ugawaji. Nadhani dai hilo ni la haki, na halihitaji bunduki kujibiwa. Linahitaji baraza ambamo Mtwa ana kiti.

Na sasa kuna lithiamu. Miamba ileile ya Manono iliyotoa bati ina akiba kubwa ya madini ya betri, nayo AVZ ya Australia, Zijin ya China na Cominière ya serikali ya Kongo zimeigombania hadi kwenye mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa. Piana-Mwanga inatajwa tena katika mipango ya kampuni. Kabla umeme huo haujapita juu ya vichwa vya watu kwa mara ya pili, serikali ya Kinshasa iitishe uchaguzi wa mabaraza ambao sheria yake yenyewe imeuagiza tangu 2008, na Kiambi iwe na sauti juu ya mto wake.