Malaika, Wimbo wa Kijana Asiye na Mahari

Mugeta iko Bunda, mkoani Mara, upande wa bara, mbali na maji ya Ziwa Victoria, katika nchi ambayo ndoa bado huanzia zizini. Wazee wa pande mbili hukaa, ng'ombe hutajwa, hukataliwa, hutajwa tena. Kijana ambaye baba yake hana mifugo anajua mapema kwamba mapenzi peke yake hayamfikishi mbali. Ndiyo maana wimbo wa Malaika, ambao kwingineko duniani umegeuzwa kuwa wa kubembeleza tu, Mara nzima unaeleweka bila mfasiri: kijana anampenda binti, anataka kumwoa, mali hana.

Ulikotoka wimbo huo ni hadithi yenye wadai wengi. Sauti iliyoutangaza ni ya Fadhili William Mdawida, Mtaita wa Kenya aliyezaliwa mwaka 1938. Aliuimba akiwa na kundi lake la Jambo Boys, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ukarekodiwa Nairobi katika studio ya Equator iliyoendeshwa na Charles Worrod. Studio hiyo ilikuwa na bahati na vijana wa gitaa. Humo ndimo alimopita pia Daudi Kabaka, ambaye Helule Helule yake iliimbwa upya na The Tremeloes wa Uingereza mwaka 1968 na kuingia katika nyimbo 20 bora za huko.

Fadhili hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aliimba kama anayezungumza na mtu mmoja aliyekaa karibu, akilivuta neno kidogo mwishoni, huku gitaa likimfuata taratibu. Hakuna kilio cha wazi wala majigambo. Nikiisikiliza rekodi ile ya zamani, namsikia kijana aliyekwisha kufanya hesabu na kujua jibu lake.

Lakini je, hesabu hiyo ilikuwa yake? Adam Salim, Mtanganyika aliyezaliwa mwaka 1916, alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga, miaka ya 1940, alipokuwa akiishi Kenya. Kisa alichokisimulia kinafanana mno na maneno ya wimbo: alimpenda binti, wazazi wakamkataa kwa ufukara wake, binti akaolewa na mwanamume mwenye fedha. Wako na wengine wa Pwani ya Kenya waliotajwa kuwa ndio wenye wimbo. Fadhili naye hakuacha kusema ni wake. Kwa maoni yangu kisa cha Salim kina uzito, maana ni vigumu kuzua maumivu yanayolingana hivyo na wimbo. Ila kisa kizuri peke yake si hati ya umiliki. Enzi hizo wimbo ulitembea baa kwa baa na harusi kwa harusi kabla ya kufika kwenye kipaza sauti, na aliyefika studio kwanza ndiye aliyeandikwa kwenye santuri.

Kutoka Nairobi hadi Mara njia ilikuwa wazi. Treni ilifika Kisumu, na kuanzia mwaka 1961 meli ya Victoria ilizunguka ziwa ikigusa Musoma, Mwanza na Bukoba. Mipaka ilikuwa myepesi, shilingi ilikuwa moja, na redio haikuomba kibali cha kuvuka. Musoma yenyewe ilikuwa na bendi zake. Mara Jazz ilijulikana kwa mtindo iliouita Sensera, na vijana wa ziwani walicheza dansi kama wenzao wa Morogoro na Tabora.

Hilo la dansi lilimkera mzaliwa mmoja wa Butiama. Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuwa Rais wa kwanza wa Tanganyika, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba vijana wasomi walizijua rumba, cha-cha-cha na twist, huku ngoma za kwao kama gombe sugu na lele mama wakizisikia kwa mbali tu. Akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Sijui Malaika ungewekwa kapu gani siku ile: gitaa ni la kigeni, mwendo wake una harufu ya ng'ambo, lakini Kiswahili ni cha mtaani na shida ni ya mahari.

Jambo la kupendeza ni kwamba Mwalimu huyo huyo ana sehemu, ingawa ya mbali, katika safari ya wimbo huu. Miriam Makeba alikuwa amenyang'anywa pasipoti na serikali ya makaburu ya Afrika Kusini mwaka 1960, mama yake alipofariki na yeye akitaka kurudi kumzika. Serikali ya Nyerere ikawa miongoni mwa zilizompa pasipoti. Mwaka 1963 akasimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa kushtaki ubaguzi wa rangi. Miaka miwili baadaye, yeye na Harry Belafonte wakatoa albamu ya pamoja yenye Malaika ndani yake, na mwaka 1966 albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy. Mswahili akimsikiliza Makeba atatambua mara moja kwamba lugha si yake. Kuna maneno yanayoteleza. Hata hivyo alichokileta ni kikubwa. Mwimbaji aliyefungiwa mlango wa kwao alikuwa akiimba habari za mtu anayetaka kitu asichoweza kukifikia, na wasikilizaji wa Marekani wasiojua neno hata moja la Kiswahili walilisikia hilo.

Baada ya hapo wimbo ukawa wa kila mtu. Hep Stars wa Sweden, kundi la Benny Andersson kabla ya ABBA, waliutoa mwaka 1967. Boney M. wakautia disko mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin akaurudia katika albamu yake Logozo, mwaka 1991, na kwa masikio yangu yeye ndiye aliyeukaribia uchungu wake kuliko wote hao. Hoteli za Mombasa zikaufanya mchuzi wa kila jioni, watalii wakipiga makofi kwa furaha mbele ya masikitiko ya maskini. Zipo santuri zilizouandika kuwa wimbo wa asili, kana kwamba haukutungwa na mtu. Ukiitwa wa asili, hakuna wa kulipwa.

Kurudia wimbo si lazima kumle mwenyewe. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa Salome, wakijenga juu ya Maria Salome wa Saida Karoli, binti wa Bukoba aliyeimba kwa Kihaya na kuvuma tangu mwaka 2001. Wengi walimtambua Saida pale pale, na jina lake likarudi midomoni mwa watu akiwa hai kulisikia. Mwaka uliofuata akawa na wimbo mpya sokoni. Tofauti ni kwamba wimbo wake ulikuwa na mwenyewe anayejulikana, kwa sura na kwa sauti.

Fadhili William aliishi Marekani miaka mingi, katika nchi iliyoutukuza wimbo wake kwa sauti za wengine, kisha akarudi Kenya, ambako alifariki Februari 2001. Huku Mara, Malaika bado hupigwa kwenye sherehe za kumuaga binti. Hupigwa wakati mahari imekwisha kupokelewa na ng'ombe wamekwisha kuhama zizi, na bwana harusi, ambaye shida ya wimbo haimhusu tena, ndiye anayeimba kwa nguvu kuliko wote.